Maharage Kumi ya Bibi

Niliacha shule siku ya Jumatano, nikiwa darasa la nne. Mwalimu alikuwa ameandika ubaoni hesabu ya kugawanya, ile ndefu inayoshuka kama ngazi, na alikuwa amefika katikati ya ngazi kengele ilipolia. Akakung'uta mikono, akasema, "Tutaendelea kesho." Jioni ile bibi yangu, ambaye ndiye aliyenilea, aliteleza bafuni akavunjika mguu. Nyumbani tulikuwa wawili tu, yeye na mimi, kwa hiyo Alhamisi sikwenda shule. Bibi alilala miezi mitatu. Alipoanza kutembea aliniambia nirudi darasani, nikamjibu nitarudi wiki ijayo, na wiki ijayo ilipofika nikamjibu hivyo hivyo. Watu hudhani shida ndiyo iliyonitoa shule. Shida ilinitoa miezi mitatu tu. Miaka yote iliyofuata ni haya zangu mwenyewe: niliogopa kuingia mlangoni wenzangu wakageuka wote kunitazama.

Tangu hapo nina imani moja ambayo sijapata kumwambia mtu. Naamini elimu yote iliyonipita ilifundishwa Alhamisi ile. Nikimwona mtu anajaza fomu bila kumuuliza jirani, au anaeleza kwa nini mwezi hupungua, nasema moyoni: huyu alikuwepo Alhamisi.

Sasa nina miaka ishirini na miwili na nimerudi shule, ila nimerudi na fagio. Asubuhi nasafisha uwanja na ukumbi, na watoto wakitoka saa tisa na nusu mimi huingia madarasani, napanga madawati, nafuta ubao, nafagia, nadeki. Watoto huniita Dada Vumbi. Niliwahi kutaka kuwakemea. Siku hiyo chaki ilikuwa imenijaa mpaka kwenye kope, na nilipofungua kinywa niwaambie wawe na adabu, nikapiga chafya tatu mfululizo. Jina likakaa.

Kazi ya kufuta ubao ina sheria moja. Mwalimu akitaka kazi yake ibaki mpaka kesho, huandika pembeni neno USIFUTE na kulizungushia mstari. Neno hilo likishaandikwa haliguswi na mtu, ila yule yule aliyeliandika. Walimu wanaliheshimu kuliko kengele. Darasa la sita kuna mwalimu aliyechora ramani, akaandika USIFUTE, akaenda likizo ya uzazi. Ramani ile ilikaa mpaka mtoto akaota jino.

Wiki ninayoisimulia ilianza Jumatatu asubuhi kwa karatasi iliyobandikwa langoni. Shule ingefungua masomo ya jioni kwa watu wazima. Jumamosi kungekuwa na mtihani mdogo wa kupanga makundi: kundi la kwanza waanze na herufi, kundi la pili waendelee kuanzia darasa la nne, mradi wajue kusoma kidogo na kugawanya. Niliisoma karatasi ile mara nne huku najifanya nafagia. Lango lile halijapata kuwa safi namna hiyo.

Nilikusudia kuifikiria polepole, kama miaka miwili hivi. Lakini nilipokwenda nyumbani kula mchana nilimkuta bibi amekaa mlangoni, amefurahi kama aliyeshinda kesi.

"Mke mwenza," akaniambia. Huniita hivyo akiwa na lake. "Nimepita shuleni kwenu. Nimeandikisha watu wawili."

"Watu gani?"

"Mimi na wewe."

"Bibi! Wewe hujui hata a."

"Ndiyo maana nimejiandikisha. Ningekuwa naijua ningefuata nini?" Akanyoosha ule mguu wake. "Wewe usiogope. Ukishindwa hiyo ya kugawanya, tutakaa dawati moja kundi la kwanza. Nitakuwekea nafasi."

"Mimi a, e, i, o, u naijua, bibi."

"Vizuri. Utanionyeshea."

Nilimwangalia nikajua hatanii. Nikaona picha yote: mimi na bibi yangu dawati moja, yeye ananipiga kiwiko, mtaa mzima unachungulia dirishani. Nilikuwa na siku tano za kujifunza kitu kilichonishinda miaka kumi na miwili.

Alasiri hiyo hiyo niliingia darasa la nne, na ubaoni, kana kwamba nimeagiza, ilikuwepo. Mia nane hamsini na mbili, gawanya kwa sita. Ngazi nzima, kuanzia juu mpaka chini, na jibu limepigiwa mistari miwili: mia moja arobaini na tatu, baki nne. Nilitoa karatasi ya kalenda ya mwaka jana nikaanza kunakili nyuma yake. Mimi naandika polepole. Kila tarakimu naishughulikia kama naipamba kwa harusi. Nilikuwa ngazi ya pili mlinzi aliposimama mlangoni na funguo.

"Dada, unafagia au unahamia?"

"Namalizia."

"Malizia, na mimi niumalizie mlango."

Nilitazama ubao, nikatazama kifutio mkononi. Kisha nikaona mkono wangu wa kulia unachukua kipande cha chaki sakafuni na kuandika pembeni ya hesabu ile, USIFUTE. Nikalizungushia mstari, kwa sababu nikifanya kosa napenda kulifanya kwa ukamilifu. Nikafuta sehemu nyingine zote, nikatoka nikimuaga mlinzi kwa heshima kama mtu asiye na hatia.

Nilijiambia kesho yake ningemaliza kunakili, nifute, mambo yaishe. Jioni ile nilijaribu hesabu mwenyewe. Nane kwa sita, mara moja, baki mbili. Shusha tano. Ishirini na tano kwa sita, mara nne, baki moja. Shusha mbili. Kumi na mbili kwa sita, mara mbili. Mia moja arobaini na mbili, hakuna baki. Nikalitazama jibu langu, nikakumbuka la ubaoni, nikalikata. Nikajaribu tena. Mia moja arobaini na mbili. Nikalikata. La tatu nililikata kabla halijakauka wino.

Jumanne asubuhi nilikuwa naokota karatasi nje ya dirisha la darasa la nne. Mwalimu wa hesabu ni kijana mwembamba ambaye watoto humwita Mwalimu Haraka, maana huandika kwa mkono mmoja, hufuta kwa mwingine, na mdomo uko hesabu ya mbele. Siku hiyo aliingia, akauona ubao, akasimama. Alisimama muda ambao kwa kawaida angekuwa ameshamaliza mada mbili. Akalisogelea lile neno, akalisoma, akarudi nyuma, kisha akaenda kuandika somo jipya upande wa pili wa ubao, kwa herufi ndogo, kama mgeni aliyepewa ncha ya kitanda.

Baada yake aliingia mwalimu wa sayansi, mama wa makamo anayechora vizuri sana na anayechora vikubwa sana. Siku hiyo alikuwa na panzi. Panzi alianza na kichwa, kifua, mabawa, akafika kwenye mstari wa USIFUTE akaishia hapo. Nilipokwenda kufagia alasiri nilimkuta panzi amekatika kiunoni, hana miguu ya kurukia.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angefuta. Nilimaliza kunakili, nikashika kifutio. Lakini karatasi yangu ilikuwa na ngazi moja na akili yangu ilikuwa na ngazi nyingine, na zote mbili zilishuka mahali tofauti. Nikasema, siku moja tu zaidi. Panzi nikamfuta, kwa kuwa hakuna aliyemwandikia kitu.

Jioni nilimwomba bibi maharage.

"Ya kupika?"

"Ya kugawanya."

Tulihesabu maharage mia nane hamsini na mawili juu ya mkeka. Bibi hajui kusoma, lakini kuhesabu anakujua kwa makumi: maharage kumi, anaweka jiwe. Kisha tukapanga mabakuli sita, tukaanza kugawa haragwe moja moja, zamu kwa zamu, kama watu wasioaminiana. Yalipokwisha tulihesabu kila bakuli. Mia moja arobaini na mawili. Mabakuli yote sita. Mkekani hapakubaki hata moja.

"Haya," akasema bibi, "umeridhika?"

"Hapana. Kila bakuli lilitakiwa liwe na mia moja arobaini na matatu. Halafu yabaki manne."

"Nani kasema?"

"Ubao."

Nikapiga hesabu kwa vidole. Kila bakuli limepungukiwa moja, hayo sita, na manne ya baki. "Bibi, yamepotea maharage kumi."

"Yamepotelea wapi? Tumekaa hapa wote."

Niliinua mkeka. Nilipekua chini ya kitanda. Nilimwomba bibi asimame, nikakung'uta kanga yake. Alisimama, akaniacha nikung'ute, akinitazama kwa utulivu ambao ningekuwa na akili ungenitisha.

"Umemaliza kunipekua?"

"Sijakupekua, bibi. Natafuta tu."

"Unadhani nimekula maharage mabichi? Kwa meno yapi?"

Tukayamwaga, tukayahesabu upya. Mia nane hamsini na mawili, kamili. Na mimi, badala ya kuona lililokuwa wazi kama jua, nikamtazama bibi yangu mzazi kwa jicho la pembeni, nikamshuku kwamba ameyarudisha yale kumi nilipoinama chini ya kitanda.

"Maharage hayajui kusema uongo," akasema bibi akiyarudisha kwenye kopo. "Huo ubao wako ndio mwongo."

"Bibi! Ubao wa shule?"

"Ubao ni mbao iliyopakwa rangi. Mimi hata mlango wangu umepakwa rangi."

Nilichukua karatasi yangu, nikapata mia moja arobaini na mbili mara nyingine nne, nikazikata zote.

Jumatano wakati wa mapumziko alinijia Redio. Huyu ni msichana wa darasa la nne ambaye watoto wenzake wamempa jina hilo kwa sababu hazimwi. Alinikuta nasuuza matambara bombani.

"Dada Vumbi, umesikia?"

"Nini?"

"Ubaoni kwetu kuna neno hatujui kaliandika nani. Leo Mwalimu Mkuu kaingia, kaliona, kaangalia na ile hesabu, kasema, 'Endelea nayo, Mwalimu. Ni wazo zuri sana.' Akatoka. Mwalimu Haraka akajifuta jasho."

"Kujifuta jasho si kosa."

"Kwa kifutio?"

Nikauma mdomo. Redio akasogea karibu, akateremsha sauti, kwake maana yake ni kwamba waliokuwa lango la pili hawakusikia.

"Wanasema ni mkaguzi wa siri."

"Mkaguzi gani?"

"Wa siri. Anaingia hatumwoni. Anaacha neno. Atakayelifuta, jina lake linaandikwa."

"Linaandikwa wapi?"

"Dada Vumbi, ni siri."

Akaondoka kwenda kutangaza kwingine. Mimi nilibaki na tambara mkononi, maji yanamwagika. Mkaguzi wa siri. Mimi ambaye nikitumwa dukani hukaa pembeni mpaka wateja wote waondoke ndipo niseme ninachotaka.

Siku iliyofuata mambo yakachacha. Nilikuwa napiga deki ukumbini, mwalimu wa sayansi na Mwalimu Haraka wakakutana mbele ya ndoo yangu. Walizungumza kwa adabu kubwa, ile inayotangulia ugomvi.

"Mwalimu mwenzangu, tangu Jumatatu umechukua nusu ya ubao. Panzi wangu hana miguu. Leo nina mti. Nichore shina bila mizizi?"

"Si mimi niliyeandika, mama."

"Hesabu si yako?"

"Hesabu ni yangu. Neno si langu."

"Basi lifute."

"Nifuteje neno nisiloliandika? Lifute wewe."

"Mimi? Ili jioni niitwe ofisini? Aka!"

Kisha wote wawili wakaniangalia, moyo ukanishuka mpaka kwenye ndoo. "Samahani, dada," akasema mwalimu wa sayansi kwa upole, "tunakukanyagia." Wakapita kwa ncha za vidole. Walikuwa wanamtafuta mtu aliyekuwa amewashikia ndoo.

Alasiri niliusogelea ubao nikiwa nimekata shauri. Nikainua kifutio. Ndipo nikawaza: watoto wametoka, walimu wametoka, funguo anazo mlinzi, na mtu pekee anayebaki humu ni mimi. Likifutika leo, hata mtoto wa darasa la kwanza atajua. Nikashusha kifutio. Na kusema kweli, hiyo ilikuwa nusu tu ya sababu. Nusu ya pili ni kwamba mtihani ulikuwa keshokutwa, na nilikuwa nimekata jibu langu mara kumi na sita. Nikakaa kwenye dawati la mbele, magoti yananigusa kidevu, nikajaribu tena huku naitazama ngazi ya ubaoni ana kwa ana. La kumi na saba nalo likatoka vile vile. Nikalikata. Nikajiambia, basi wewe kichwa chako ni cha kundi la kwanza. Kaa na bibi yako.

Ijumaa mvua ilinyesha asubuhi na watoto wakaingia na tope, kwa hiyo nilikuwa nadeki ukumbini vipindi vikiwa vinaendelea. Mlango wa darasa la nne ulikuwa wazi. Nilimsikia Mwalimu Haraka, na kwa mara ya kwanza alikuwa anasema polepole.

"Nauliza mara ya mwisho. Nani aliyeandika neno hili?"

Nikasikia madawati yakilia.

"Redio?"

"Si mimi, mwalimu! Mimi ningekuwa nimeshasema!"

Hata mwalimu aliona hilo ni kweli. Akavuta pumzi. "Sikilizeni. Hesabu hii ina kosa. Nililifanya Jumatatu kwa haraka zangu. Nikawaambia kwa mdomo mrekebishe kwenye madaftari, kengele ikalia, nikatoka. Sasa mtu kaamua kosa langu likae hapa wiki nzima. Walimu wenzangu walione. Mwalimu Mkuu alione, anisifu kwa kejeli. Kama aliyefanya hivi hajitaji, leo hakuna atakayetoka mapumziko."

Watoto thelathini na wanane wakaanza kunung'unika. Lakini mimi nilikuwa nimeganda kwenye maneno mawili.

"Ina kosa?"

Sauti ilitoka kubwa. Nilitazama nyuma yangu nione nani kasema. Hakuwepo mtu. Nilikuwa nimeshaingia mlangoni, fagio la maji mkononi, na darasa zima limegeuka kunitazama, lile jambo nililolikimbia miaka kumi na miwili.

"Dada, kuna nini?" akauliza mwalimu.

"Ina kosa? Tangu Jumatatu?"

"Ndiyo. Ishirini na tano toa ishirini na nne, nimeandika mbili. Ilitakiwa moja. Kwani..."

"Nimempekua bibi yangu!" nikasema. "Nimemkung'uta kanga! Nimemtuhumu mwanamke mzima kwa maharage kumi, na kumbe ina kosa!"

Darasa likalipuka kwa kicheko. Mwalimu akainua mkono, nao wakanyamaza, si kwa ajili yake ila wasikie zaidi.

"Sijaelewa," akasema. "Bibi yako anahusikaje na ubao wangu?"

Hapo ujasiri uliisha, kama maji yanavyoisha mtu akiwa na sabuni usoni. Nikatazama vidole vya miguu yangu. "Ni mimi niliyeandika, mwalimu. Watoto hawana kosa. Nilikuwa nanakili. Kuna mtihani kesho, wa watu wazima. Sikuwa na nia ya kukuaibisha. Sikujua hata kama kuna aibu hapo. Mimi sikusikia ulichosema kwa mdomo. Mimi nakuta ubao tu."

Nikatoa ile karatasi ya kalenda kwenye mfuko wa aproni nikampa, nisiwe na la kusema zaidi. Akaikunjua. Nikamwona anasoma, midomo inacheza.

"Mia moja arobaini na mbili, umekata. Mia moja arobaini na mbili, umekata. Mia moja arobaini na mbili..." Akageuza upande wa pili. "Umepata jibu sahihi mara kumi na saba."

"Halikufanana na la ubaoni."

"Ukalikata mara kumi na saba?"

"Ubao ni ubao, mwalimu."

Akatazama karatasi, akanitazama mimi, kisha akacheka. Hakunicheka mimi, au tuseme alinicheka, ila na yeye mwenyewe alikuwemo. Alicheka mpaka akaegemea ile hesabu, nayo ikamchapa begani kwa chaki nyeupe: baki nne.

"Njoo," akasema akinipa chaki. "Rekebisha."

"Mimi nina maji mikononi."

"Rekebisha hivyo hivyo."

Chaki na mkono wa maji haviivi chungu kimoja. Mara mbili ilinimegekea. Mara ya tatu nikafuta ile mbili kwa kidole, nikaandika moja. Moja yenyewe ilisimama kama mlevi, lakini ilikuwa moja. Nikashusha mbili, nikapata kumi na mbili, nikafuta jibu la chini, nikaandika langu. Sikulikata.

"Na hilo neno," akasema Mwalimu Haraka, "ni lako. Sheria ni sheria."

Nikalifuta mbele ya darasa zima. Watoto walipiga makofi na madawati. Redio peke yake hakufurahi.

"Kumbe mkaguzi wa siri ni Dada Vumbi tu?" akasema. Nimeshapata matusi mengi, lakini hakuna lililowahi kuniumiza likiwa na haki kiasi hicho.

Baadaye Mwalimu Mkuu alituita ofisini, akatuambia hakuwa na kejeli yoyote. Alidhani kosa limeachwa makusudi watoto walitafute. Mwalimu Haraka alipoteza kilo nzima kwa sababu ya sifa. Mwalimu wa sayansi aliniambia jambo moja tu, kwamba nina deni lake la miguu miwili ya panzi.

Jioni nilimkuta bibi anachagua maharage yale yale.

"Bibi, ubao ulikuwa na kosa."

Hakuinua kichwa. "Yale kumi umeyaona?"

"Hayakupotea."

"Omba radhi."

"Nisamehe, bibi."

"Mimi nina mdomo, nilijitetea. Waombe hawa." Akanisogezea ungo.

Nikayaomba radhi maharage. Ndiyo, kwa sauti. Akaridhika, akayatia chunguni.

Jumamosi alasiri tulikwenda pamoja, bibi akiniegemea kwa upande wa ule mguu. Njiani akasema bila kunitazama, "Mguu huu ndio uliokutoa shule. Nikaona wenyewe nao uje kukurudisha." Nilitaka kumwambia kwamba haukuwa mguu, ila aliniwahi, akaongeza, "Lakini kiti nitakuwekea. Huwezi jua."

Tulikaa chumba kimoja watu kama thelathini, kila mtu kwenye dawati la mtoto, magoti juu. Bibi alikaa upande wa herufi, akaweka mkoba wake kwenye nafasi ya jirani. Mimi niliwekwa karibu na fundi cherehani mmoja, mtu mzima, mwenye miwani na kujiamini. Mwalimu Mkuu aligawa karatasi. Kusoma nilisoma. Kisha nikaifikia: mia tisa arobaini na tano, gawanya kwa saba.

Nikashuka ngazi. Tisa kwa saba, mara moja, baki mbili. Ishirini na nne, mara tatu, baki tatu. Thelathini na tano, mara tano. Mia moja thelathini na tano, hakuna baki. Nikainua macho kidogo, na hilo ndilo lilikuwa kosa, maana karatasi ya fundi ilikuwa wazi na tarakimu zake kubwa kama za kibao cha dukani. Mia moja thelathini na sita, baki mbili. Amepigia mistari mitatu.

Mtu mwenye miwani. Kalamu yangu ikaanza kusogea yenyewe kuelekea jibu langu ilikate, na ilikuwa imeshafika. Nikatazama upande wa herufi. Bibi alikuwa ameacha karatasi yake ananiangalia, kwa utulivu ule ule wa siku niliyomkung'uta kanga.

Nikaiweka kalamu chini. Mkono nao sikuuamini, nikaukalia. Niliukalia mpaka Mwalimu Mkuu akakusanya karatasi, na nilipompa yangu nilimpa kwa mkono wa kushoto huku naomba radhi, kwa sababu wa kulia ulikuwa umekufa ganzi.

Walisahihisha hapo hapo. Majina ya kundi la kwanza yakasomwa, bibi akaitika kama askari. Kisha la pili. Fundi alipitishwa kwa kusoma kwake, kulikuwa kuzuri sana, alisema Mwalimu Mkuu, ila kugawanya akazane. Nami nikasomwa. Sikuitika, nilikuwa nasubiri mwenye jina ajitokeze. Bibi akaitika kwa niaba yangu, kisha akautoa mkoba wake kwenye kile kiti, polepole, akaupakata.

"Masomo yote mawili," akamalizia Mwalimu Mkuu, "yataanza Alhamisi, saa kumi na moja jioni."

Nilicheka. Nilicheka peke yangu katika chumba kizima, watu wakageuka wote kunitazama, na sikuweza kunyamaza.

"Wewe," akanong'ona bibi kutoka upande wa herufi, "una nini?"

"Hakuna, bibi," nikamwambia. "Alhamisi nitakuja."